Chai Isiyoonja Moto

Kiyoyozi kilikufa Jumatano, saa tisa mchana.
Kilikoroma mara moja kama ng'ombe machinjioni,
basi.
Mwenye nyumba kasema fundi atakuja Jumatatu.
Greensboro, Julai. Hata sabuni imelegea sinkini.
Nani atawasha jiko?

Ndipo Bi Earline wa mlango wa pili,
miaka themanini na miwili,
kofia ya kanisani kichwani hata anapokwenda kutupa taka,
akanisimamisha ngazini:
"Usichemshe, binti. Iache ijipike yenyewe."

Nilicheka. Mimi, Tusajigwe,
mtoto wa mwanamke aliyechuma chai Tukuyu
mpaka vidole vikashika weusi usiotoka kwa sabuni,
leo nifundishwe chai?
Kwetu chai hutokota, hufura, hutishia kumwagika,
ndipo jirani anajua mna mgeni.

Lakini joto halikuwa na mzaha.
Nikatwaa jagi la kioo, lile lenye ufa mdomoni,
maji ya bomba lita mbili,
majani mazima ya duka la Wavietnamu,
vijiko sita vya kujaa, si vya adabu.
Sikukoroga. Niliambiwa nisikoroge.
Nikafunika kwa kisahani, nikalisukuma nyuma ya friji
kati ya maziwa na mchuzi wa juzi,
nikavaa sare, nikaenda zamu.

Usiku kucha nageuza wazee ubavu kwa ubavu,
nabadilisha shuka, naitikia jina lisilo langu
(Bwana Whitlock ananiita Ruthie, dada yake; namwachia),
na kila nikitazama saa ya ukutani
nakumbuka: kule nyumbani, gizani,
kuna kitu kinafanya kazi bila mimi.

Saa nane ya usiku, mapumzikoni,
ujumbe wa sauti kutoka kwa Ambokile. Dakika nne.
Mbili za salamu, ndio ukoo wetu,
kisha: lile shamba la mama,
ekari moja na robo, kushuka hadi mtoni,
ameshaliuza.
Mnunuzi anang'oa chai, anapanda parachichi.
"Usikasirike, dada. Chai hailipi."

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Maneno nayo tayari, yanachemka, yameshatoa povu.
Kengele ya chumba cha kumi na nne ikalia.
Nikaenda.

Saa moja na nusu asubuhi nafungua friji.
Taa yake inapita ndani ya jagi
na jagi zima ni rangi ya asali, bila wingu, bila utando.
Nachuja. Majani yamekunjuka, mapana, laini,
mishipa yote inaonekana,
kama yanayotaka kurudi kichakani.

Nakunywa nimesimama, miguu peku juu ya vigae.
Hakuna ukakasi.
Ulimi unasubiri ule mkwaruzo niliouzoea tangu utotoni,
haufiki.
Uchungu umebaki ndani ya jani.
Sikujua kwamba inawezekana.
Sijui bado kama naipenda.
Mama angesema: haya ni maji yaliyoota ndoto ya chai.
Angetia tangawizi, angeyarudisha motoni.

Nampelekea Bi Earline bilauri, na barafu, na kipande cha limau.
Anaonja, anafumba macho.
"Haina sukari," anasema,
kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Makapi nimeyazika kwenye kopo lake la nyanya, pale barazani.
Jagi nimeliosha, nimelijaza tena.
Ambokile sijamjibu. Ameona nimesikiliza;
ametuma alama ya kuuliza, moja, peke yake.
Nitalala kwanza.
Nikiamka nitamuuliza, polepole,
kama kule chini, karibu na maji,
kuna kichaka hata kimoja
walichosahau kung'oa.